Nati Imeponyokea Kwenye Injini: Fanya Hivi Kabla Hujapiga Stata

Umefungua koili ya plagi, vidole vina oili, na bolti ndogo ya namba 10 (inayofunguliwa kwa spana ya milimita 10) imekuponyoka. Umesikia "ting" moja, halafu kimya. Umechungulia kwa tochi, huioni. Kuanzia hapo kila utakachofanya kina uzito, kwa sababu bolti ikiwa imelala mahali haivunji kitu. Injini ikizunguka hata mara mbili, kitu kinaweza kuvunjika.

Chukua mfano wa injini ya 1NZ-FE, ya sentimita za ujazo 1,497, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi zinazopita mitaani kwetu. Silinda yake ina upana wa milimita 75 na mgandamizo wa 10.5 kwa 1. Ukipiga hesabu, pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki kati yake na silinda hedi (kifuniko kinachofunga silinda kwa juu) ni kama sentimita za ujazo 39 tu, chini ya vijiko vitatu vya chakula. Ndani ya nafasi hiyo kuna ncha ya plagi na nyuso za valvu nne. Nati ya chuma haina pa kukaa humo. Na stata haikupi muda wa kujuta: inazungusha injini mara tatu au zaidi kwa sekunde moja.

Nililijua hili vibaya. Nikiwa bado najifunza kazi, nilifungua mpira wa hewa wa Noah yenye injini ya 3S-FE, ile unayoifikia kwa kuinua viti vya mbele. Skrubu ya klempu ikaniponyoka. Nilitafuta kidogo, sikuiona, nikaogopa kusema. Nikafunga kwa skrubu nyingine niliyoiokota kwenye kopo. Fundi aliyekuwa ananifundisha akapiga stata. Injini ikawaka, na papo hapo ukaanza mlio kama mtu anayegonga debe kwa msumari, kwa mapigo yale yale ya injini. Akazima. Tulipofungua hedi, pistoni ya silinda namba 2 ilikuwa imedonolewa uso mzima, kama ubao uliopigwa kwa ncha ya patasi, na valvu moja imepinda.

"Dogo, ulijua?"

"Nilijua, fundi."

"Sasa mbona hukusema? Ungesema, tungetumia nusu saa."

Mwenye Noah alikuwa mzee aliyeitegemea gari ile kwa riziki ya kila siku. Alikaa bila kazi mpaka tulipomaliza, na alikuwa akija kila asubuhi na kukaa kwenye benchi bila kusema neno. Ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Hatua ya 1: Zuia injini isizunguke

Toa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Usiuache kwenye swichi wala kwenye dashibodi. Kisha vua terminali ya hasi ya betri. Gereji ina watu wengi, na mtu anaweza kuja akitaka kulisogeza gari ili lake lipite. Waambie wenzako kwa sauti kwamba gari hili haliguswi. Likiwa la gia za mkono, weka nyutro na funga breki ya mkono, kwa sababu gari likisukumwa likiwa kwenye gia, injini inazunguka vilevile.

Kama kuna mashimo mengine wazi (plagi, manifoldi ya kuingiza hewa, shimo la kumiminia oili), yazibe sasa hivi, kabla hujaanza kutafuta. Watu wengi wanapoteza cha pili wakati wanakitafuta cha kwanza.

Hatua ya 2: Jua ni nini hasa kilichopotea

Usitafute "kitu". Tafuta nati ya namba 10 yenye kola, au washa ya shaba, au klipu ya plastiki. Chukua mwenzake aliyebaki, mweke kiganjani, umwangalie. Anapita kwenye tundu la plagi? Plagi nyingi za magari madogo zina uzi wa milimita 14, hivyo chochote kilicho pana kuliko hapo hakiwezi kuingia silinda kupitia njia hiyo. Ananaswa na sumaku? Chuma cha kawaida kinanaswa. Aluminiamu, shaba, plastiki, oringi na ile kauri nyeupe ya plagi havinaswi, na chuma cha pua aina nyingi nacho sumaku inakipita tu. Jibu la maswali haya mawili ndilo litakaloamua utumie kifaa gani.

Kisha tazama ndani ya soketi uliyokuwa unatumia. Nati hukwama humo ikatulia mpaka mtu anakuja kufungua hedi bure. Kung'uta mikono ya ovaroli, tazama mikunjo ya suruali, tazama mgongo wa sumaku yako.

Hatua ya 3: Maliza nje kabla ya kuingia ndani

Vitu vingi vinavyoponyoka havijaingia injini. Vimekaa juu ya gearboksi, kwenye ukingo wa manifoldi, kati ya injekta, juu ya fremu inayobeba injini, au kwenye ile plastiki kubwa ya chini inayokinga matope. Plastiki hiyo inazuia vitu visifike sakafuni, kwa hiyo sakafu kuwa safi si ushahidi wa chochote. Lipandishe gari kwa jeki, liweke kwenye stendi, fungua plastiki hiyo taratibu ukiishusha upande mmoja.

Tochi usiimulike kutoka juu. Ilaze, mwanga upite ubavuni. Chuma kitang'aa na kutoa kivuli. Kioo kidogo cha kujitazamia usoni kinafaa kwa pembe usizoziona.

Ukishindwa, kuna njia ninayoiamini sana. Chukua nati pacha, ifunge kwa uzi imara wa kushonea, mafundo matatu, kisha iachie kutoka pale pale ilipoponyokea ile ya kwanza, huku umeshika uzi. Sikiliza na utazame inagonga wapi na inaelekea wapi. Rudia mara tano au sita. Mara nyingi itakupeleka kwenye upenyo ambao usingeufikiria, na mwenzake utamkuta hapo. Uzi usiuachie. Na kama jirani ya hapo kuna shimo lililo wazi kuingia injini, liwe limezibwa kwanza.

Tazama pia altaneta, ile inayochaji betri, kwa sababu ganda lake lina matundu ya hewa na nati ndogo inaingia. Ikiwa imeingia huko, usiunganishe betri hadi altaneta ishuke.

Hatua ya 4: Kama imeingia kwenye shimo la plagi

Hapa ndipo ajali nyingi zinapotokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Katika injini zenye koili juu ya kila plagi, plagi imekaa chini ya shimo refu kama kisima. Kama plagi bado imefungwa, una bahati: imeziba mlango wa silinda. Usiifungue. Nimeona mtu anaiona nati imekaa pembeni ya plagi, anafikiri akiilegeza plagi atapata nafasi ya kuichukua, na nati inashuka kwenye silinda mbele ya macho yake. Itoe nati kwanza, plagi baadaye.

Kifaa cha kwanza ni sumaku ya fimbo, ile inayovutwa ikarefuka kama antena ya redio. Tatizo lake ni kwamba kuta za kisima katika injini nyingi ni chuma, na sumaku inajibandika ukutani kabla haijafika chini. Dawa ni hii: ivishe kipande cha mpira mwembamba, kama ule wa petroli, kikafunika ubavu wote na kuacha wazi ncha tu. Sasa itateremka bila kunata. Ukisikia "tik" ndogo, usivute kwa pupa. Zungusha fimbo kidogo ujue imeshika vizuri, kisha panda nayo katikati ya shimo polepole, na mkono mwingine ukiwa na kitambaa mdomoni mwa kisima.

Huna sumaku ya fimbo? Chukua bisibisi ndefu nyembamba au spoki ya baiskeli, ibandike upande mmoja kwenye sumaku ya spika mbovu ya redio. Ncha ya pili itageuka sumaku muda wote ikiwa imegusana nayo. Lakini usibandike kipande cha sumaku kwa gundi kwenye ncha ya waya ukakiteremsha. Gundi ikiachia, utakuwa na vitu viwili ndani.

Kwa kisichonaswa na sumaku, paka grisi nzito kwenye ncha ya fimbo, au funga gundi ya karatasi ya pande mbili, ukibonyeze taratibu na kukiinua. Klipu za plastiki na oringi hutoka vizuri kwa njia hii.

Mchanga na vipande vya kauri ni habari nyingine. Kwa wanaokaa barabara za vumbi, kisima cha plagi huwa na changarawe hata kabla hujagusa kitu. Puliza upepo kwenye kisima wakati plagi bado imekaza, ukivaa miwani ya kukinga macho. Plagi ikishatoka, usipulize tena kwenye kisima, maana sasa unausukuma uchafu kwa pistoni.

Hatua ya 5: Kama imeshafika ndani ya silinda

Toa plagi zote, si ya silinda hiyo peke yake. Utahitaji injini izunguke kwa mkono bila mgandamizo.

Chungulia. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu siku hizi inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu, na naisihi kila gereji iwe nayo moja. Iteremshe kwenye tundu, tazama uso wa pistoni, kisha zungusha kamera utazame pembeni, ambako kitu hujificha kwenye makutano ya pistoni na ukuta wa silinda.

Ukikiona na kiko mbali, unaweza kukisogeza karibu kwa kuipandisha pistoni, kwa mkono tu. Spana fupi kwenye bolti ya puli ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ukizungusha kwa mwelekeo wake wa kawaida. Kwa Toyota, ukisimama ukitazama puli, ni mwelekeo wa saa. Injini nyingi za zamani za Honda huzunguka kinyume chake. Nenda robo ya mzunguko, tazama kwa kamera, robo nyingine, tazama tena. Hakikisha kitu kimelala juu ya pistoni na hakijakaa kwenye mdomo wa valvu iliyo wazi. Ukihisi kizuizi kigumu, simama hapo hapo. Usiongeze urefu wa spana kwa bomba.

Kisha sumaku yenye mpira, kama ilivyoelezwa. Ukuta wa silinda nao ni chuma katika injini nyingi, kwa hiyo mpira huo ni wa lazima.

Kama hakinaswi, tumia kufyonza. Chukua mpira mwembamba unaopita kwenye tundu la plagi, uungie kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi kwa gundi ya karatasi, ufunike mdomo wa mashine kwa kipande cha soksi ili kitu kisipotelee humo. Lakini sikiliza: mvuke wa petroli ukivutwa na mashine ya umeme ya nyumbani unaweza kulipuka, kwa sababu mota yake hutoa cheche. Chomoa nyaya za injekta, acha silinda wazi mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Kama gereji ina kifaa cha kufyonza kinachoendeshwa kwa upepo wa kompresa, tumia hicho. Kwa mdomo usifyonze kamwe.

Wapo wanaokimbilia kupuliza upepo kwenye silinda ili kitu kiruke nje. Mimi siukubali uwe wa kwanza. Valvu ya moshi au ya hewa ikiwa wazi, kipande kinarushwa kwenye njia yake na kukaa chini ya kikalio cha valvu, mahali pabaya kuliko kilipokuwa. Na wapo wanaosema "washa tu, kitatoka kwa ekzosi". Noah niliyoisimulia hapo juu iliwashwa tu.

Kama dakika arobaini zimepita na kamera inakionyesha lakini hakitoki, kubali kufungua hedi. Gharama yake ni gasketi na kazi. Gharama ya kubahatisha ni hedi, pistoni na valvu.

Hatua ya 6: Sehemu nyingine

Njia ya hewa. Kilichoanguka kwenye mdomo wa throto (mlango unaopitisha hewa kuingia injini), au kwenye kabureta kwa magari ya zamani, kwa kawaida kinakaa kwenye manifoldi mpaka injini ivute hewa. Fungua throto, ingiza kamera, kivue kwa sumaku. Hukioni? Shusha manifoldi nzima. Kwenye dizeli yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa kuingia injini), pitisha mkono na tochi katika kila bomba la hewa kabla ya kulifunga. Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hata washa ndogo italinyoa mapanga.

Chini ya kifuniko cha valvu. Injini ya cheni ina uwazi mkubwa upande wa cheni unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hedi ina matundu ya kurudisha oili. Ukifungua kifuniko, ziba huo uwazi kwanza. Kama umechelewa, tazama kwa kamera kandokando ya cheni. Kitu kikiwa kati ya cheni na gia, injini isizungushwe hata kwa mkono.

Kama kimefika kwenye sampu, mwaga oili kupitia chujio safi la waya juu ya karai, kisha ingiza sumaku kwenye tundu la kumwagia. Bolti ya Toyota nyingi hapo ina kipenyo cha milimita 12, kwa hiyo sumaku nyembamba na nati ndogo vinapita. 1NZ-FE hubeba kama lita 3.7 za oili pamoja na filta. Usirudishe ile ile kama ilikuwa kwenye karai chafu. Wengine husema nati ya sampu iachwe kwa sababu bomba la oili lina chujio lake. Nati ya chuma chujio litaizuia, ni kweli. Kipande cha plastiki au gundi ya gasketi hubandika usoni mwa chujio lenyewe, oili ikakosa njia, na ukaua beringi za krenki. Mimi nashusha sampu.

Mkanda wa taiming. Kama kifuniko chake kilikuwa wazi, kiondoe chote, tazama kila gia. Nati ikiingia kati ya mkanda na gia, mkanda unaruka meno.

Ganda la klachi. Kinachopita kwenye tundu la stata hukwaruza gurudumu la injini. Toa stata, vua kwa sumaku.

Hatua ya 7: Kabla ya kuwasha

Hata ukiwa umekipata, hesabu tena. Vitambaa ulivyozibia mashimo navyo ni vitu vinavyopotea. Mimi natumia vyenye rangi kali, vikubwa, mkia ukining'inia nje, na ninaandika idadi yake kwa chaki kwenye boneti.

Plagi zikiwa nje, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu kila valvu hufunguka na kufunga mara moja katika mizunguko miwili. Mwendo uwe laini mwanzo hadi mwisho. Ndipo funga plagi, unganisha betri, washa bila kukanyaga mafuta, na mkono ubaki kwenye ufunguo. Mlio wowote wa chuma unaofuata mapigo ya injini, zima.

Kama gari lilikuja kwako likiwa limeshawashwa na kitu ndani, toa plagi uzitazame: iliyopigwa huwa na ncha iliyobonyea mpaka mwanya umeziba. Pima mgandamizo, linganisha silinda zote. Iliyo chini sana, ipulizie upepo kupitia tundu la plagi huku pistoni iko juu na valvu zake zimefungwa, usikilize. Ukisikika kwenye throto, valvu ya hewa imepinda. Kwenye ekzosi, ya moshi. Kwenye shimo la kumiminia oili, ni pistoni au ringi.

Kazi inayofuata

Trei ya mayai ina vishimo 30. Andika namba kwa kalamu, kila bolti uliyoitoa iwekwe kwa mfuatano wa kufungua. Kishimo kilichobaki na kitu baada ya kufunga, au kilicho kitupu kabla ya wakati wake, kitakupigia kelele chenyewe. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Usiweke nati juu ya betri, juu ya injini, wala kwenye wavu wa chini ya waipa.

Na mwenye gari aambiwe siku hiyo hiyo, iwe kimepatikana au hakikupatikana. "Mzee, bolti hii iliponyoka tukiwa kazini, tumeitafuta hapa na hapa, tumeitoa, hii hapa." Mwonyeshe. Kama hamkuiona lakini mmefungua kila mahali inapoweza kuingia na mna hakika haimo, andikeni kwenye daftari la kazi pamoja na namba ya gari, na mwombeni arudi baada ya kilomita 500. Akirudi, mwaga oili, pasua filta kwa msumeno mdogo, nyoosha karatasi yake juani na uikague mkunjo kwa mkunjo, mzee akiwa pembeni yako anatazama.